Skauti Hujifunza Uongozi Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu skauti: wazazi wanaouliza kama ni vyema watoto wao wajiunge, walimu waliokabidhiwa makundi ya kulea, na vijana wenyewe. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, tumebakiza mahali barua zilikotoka.

*Mwanangu wa darasa la sita anataka kujiunga na skauti, na ameniletea orodha ya vitu vya kununua: sare, skafu, kofia na mkanda. Mimi ni mama ntilie, na fedha zangu ni za kuungaunga. Skauti ninaowaona mjini Mtwara husimama juani siku za sherehe wakizuia watu wasivuke kamba. Hiyo tabia njema inayosemwa hujengwa na nini hasa?* (Mama, Mikindani)

Mama yetu wa Mikindani, swali lako ni la haki, na ni lazima tukiri tangu mwanzo kwamba kusimama juani peke yake hakujengi tabia ya mtu. Kupanga watu kwenye sherehe za kitaifa au mapokezi ya Mwenge ni huduma yenye heshima yake. Lakini ikiwa ndiyo yote ambayo watoto wa kundi fulani hufanya mwaka mzima, basi kundi hilo lina sare ya skauti na halina skauti.

Mpango huu ulianza kwa namna nyingine. Mwaka 1907 ofisa wa jeshi la Uingereza, Robert Baden-Powell, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wengine wakiwa watoto wa wenye mali waliosoma shule za gharama na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida wa mjini. Aliwachanganya katika vikosi vinne, na kila kikosi kikawa na kiongozi aliyekuwa kijana mwenzao. Walilala kwenye mahema, wakapika, wakajifunza kufuata nyayo na kuokoa maisha. Mwaka 1908 alipochapisha mafunzo hayo, vijana walianza kuunda vikosi wao wenyewe, na watu wazima wakajikuta wanakimbilia kulipangia utaratibu jambo ambalo tayari lilikuwa limekwishaanza. Hatusemi kwamba mtu huyo alikuwa malaika. Alikuwa askari wa himaya, alipigana vita vya kikoloni katika bara hili, na miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa. Mzazi wa Kiafrika ana haki ya kulijua hilo, kisha aupime mpango wenyewe kwa kile unachowafanyia watoto.

Kinachomlea mtoto ndani ya skauti ni mambo yanayokwenda pamoja. La kwanza ni ahadi anayoitamka kwa kinywa chake mwenyewe: kutimiza wajibu kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia watu wengine, na kuzishika kanuni za skauti. Haitamki siku anapojiunga. Anapewa muda wa kuzisoma kanuni hizo na kuzielewa, ndipo anapoahidi mbele ya wenzake, ambao tangu siku hiyo wanakuwa mashahidi wake. La pili ni udogo wa kikosi. Katika darasa la wanafunzi 80 mtoto anaweza kujificha mwaka mzima asionekane; katika kikosi cha watoto saba hawezi. Akiwa ndiye aliyepangiwa kubeba chumvi na akaisahau nyumbani, wote saba watakula mboga isiyo na chumvi, naye ataona kwa macho yake kwamba uzembe wake umewafikia wengine. Hakuna aliyemchapa wala kumhubiria. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo hasahau tena, na jambo la tatu, yaani kurudiarudia kazi halisi wiki baada ya wiki, ndilo linaloigeuza kumbukumbu hiyo kuwa tabia.

Ushahidi wa kitaalamu upo, ingawa si wa kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili watoto wa skauti wadogo wa eneo la Philadelphia pamoja na watoto wengine wasio skauti, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 walieleza kwamba watoto wa skauti waliongezeka katika uchangamfu, utii, wema, uaminifu na moyo wa kusaidia, hali ambayo hawakuiona kwa wale wengine. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichambua maisha ya Waingereza karibu 10,000 waliozaliwa mwaka 1958, wakakuta kwamba waliowahi kuwa skauti au girl guides (wenzao wa kike) utotoni walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa kiasi cha asilimia 15, wa kusumbuliwa na wasiwasi au sonona walipofikia umri wa miaka 50. Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Huenda watoto wanaojiunga na skauti hutoka katika nyumba ambazo tayari zina malezi fulani, na Philadelphia si Mikindani. Hata hivyo, hayapingani na yale ambayo mlezi mwenye macho huyaona kwa watoto wake.

Kuhusu fedha, usikope. Nenda ukaonane na mlezi wa skauti shuleni na umweleze hali yako bila aibu. Mwombe mtoto aanze na skafu, vingine vifuate kadiri mapato yako yanavyoruhusu. Miongoni mwa kanuni za skauti imo inayomtaka awe mwekevu, kwa hiyo kundi linalomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa mkanda linakuwa limevunja kanuni yake lenyewe.

*Mkuu wa shule amenikabidhi ulezi wa skauti. Sijapata mafunzo yoyote. Wanafunzi waliojiandikisha ni 90, na kila Ijumaa nawafundisha gwaride kwa sababu silijui jingine. Naambiwa skauti inajenga viongozi, nami nawaona watoto 90 wanaofuata amri za mtu mmoja. Nifanye nini?* (Mwalimu, Newala)

Mwalimu, umekwishaligusa jambo lenyewe. Gwaride linafundisha kutii, kusimama vizuri na kusikiliza, na kiasi kidogo chake hakina ubaya. Lakini uongozi ni kazi ya kuamua, na mtoto hajifunzi kuamua mpaka apewe jambo la kuamulia.

Usianze na wote 90. Baden-Powell mwenyewe alipowaandikia walezi aliwashauri kwamba kundi zima lisizidi vijana 32, na hesabu yake ilikuwa ya kuchekesha kidogo: alisema yeye aliweza kuwalea ipasavyo vijana 16 tu, akakadiria kwamba wengine wana uwezo maradufu yake. Chagua 32 kati ya wanaokuja bila kukosa, wagawe katika vikosi vinne vya vijana wanane, na waliobaki waambie ukweli kwamba zamu yao itafika viongozi wa kwanza watakapokuwa tayari kuwapokea. Watalalamika. Ni afadhali malalamiko ya muhula mmoja kuliko kundi kubwa lisilofundishika.

Kila kikosi kiwe na kiongozi na msaidizi wake. Hapa walimu wengi huteleza kwa kumteua mwanafunzi anayeongoza darasani au kiranja ambaye tayari ana madaraka. Waache wanakikosi wapendekeze majina, wewe uzungumze na waliopendekezwa, na uamuzi uwe wa pande zote mbili. Utakuta wakati mwingine wamemtaja mtoto ambaye hukuwahi kumdhania, yule anayekaa nyuma na kufaulu kwa shida, ambaye wenzake wanajua kwamba kukitokea jambo ndiye wanayemkimbilia.

Kisha unda baraza la viongozi: viongozi wanne, wasaidizi wao, na wewe. Baraza hili likutane nusu saa kabla ya kila mkutano wa kundi, na ndilo liwe linapanga. Wewe ukae pembeni. Hili ni gumu kwa mwalimu, kwa sababu mafunzo yetu ya ualimu yanatuzoesha kusimama mbele na kusema. Hapa kazi yako ni kuuliza swali moja au mawili, kisha kunyamaza hata ukimya unapokuwa mrefu kiasi cha kukutia wasiwasi. Swali zuri ni lile linaloanza na «ikiwa». Ikiwa mvua itanyesha, mtafanya nini? Ikiwa watano hawatakuja kwa sababu wako shambani wanaokota korosho, nani atashika kazi zao? Swali la pili si la kufikirika kwenu, kwani msimu wa korosho unapofika hata mahudhurio ya darasani huyumba. Baraza lenye akili litapanga mambo makubwa nje ya miezi hiyo, na ni bora waligundue hilo wao kabla hujawaambia.

Wape kazi yenye uzito, ambayo isipofanyika mtu ataathirika. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, mahali pasipo na mito, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni na ambako kila nyumba inajua thamani ya ndoo moja. Ikiwa shule yenu ina paa la bati na tangi la kuvunia maji ya mvua, mkabidhi kikosi kimoja tangi hilo kwa mwaka mzima. Kabla mvua za Novemba na Desemba hazijaanza, kikosi kiwe kimesafisha mifereji, kimetazama kama bomba limepasuka, kimesugua tangi na kuona kama kichujio kipo. Wakifaulu, shule itakunywa. Wasipofanya, maji yatapotea mbele ya macho ya wanafunzi wote, nao watalazimika kueleza. Kikosi cha pili kinaweza kuchukua miche ya miti, cha tatu sanduku la huduma ya kwanza, wakifundishwa na muuguzi wa zahanati iliyo karibu au mtu wa Msalaba Mwekundu jinsi ya kuzuia damu na kumlaza aliyezimia. Cha nne kipewe mafundo ya kamba na ujenzi wa kambi. Baada ya muhula mmoja wabadilishane, na kila kikosi kiwafundishe wanaokipokea.

Waachie pia fedha kidogo. Kama kundi lina shilingi 30,000 za safari, baraza lipange matumizi, mtunza hazina wa umri wao aandike, na hesabu isomwe mbele ya kundi zima. Tumezoea kulalamika kwamba viongozi wetu hawasomi hesabu hadharani; sijui tunatarajia walijifunzie wapi.

Watakosea. Ugali utatoka mbichi na hema litavuja, na safari iliyopangwa kuanza saa moja asubuhi itaanza saa tatu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuomba ufunguo wa stoo. Acha makosa ya namna hiyo yatokee, kisha jioni muulizane kilichotokea na nani atafanya nini safari ijayo. Makosa usiyoyaacha ni yale yanayohusu moto, maji ya kina, barabara ya magari na usiku. Hapo mlezi husema neno moja na likafuatwa bila mjadala, na vijana wanapaswa kujua mapema kwamba mipaka hiyo ipo na sababu zake.

Mwisho, andika barua kwa kamishna wa skauti wa wilaya ukiomba nafasi katika kozi ya walezi. Mafunzo ya walezi ni ya zamani katika skauti, kwani kozi ya kwanza ya aina hiyo ilifanyika Gilwell Park, karibu na London, mwaka 1919. Vile vipande viwili vidogo vya mti vilivyotungwa kwenye uzi wa ngozi, unavyoviona shingoni mwa baadhi ya walezi, ni alama ya kuhitimu ngazi ya mafunzo hayo. Mkuu wa shule aliyekukabidhi kazi ndiye anayepaswa kukusaidia nauli.

*Sisi tulikwenda jando. Tuliingia watoto, tukatoka wanaume wanaojua kusalimu, kuvumilia na kutunza siri ya nyumba. Leo watoto wanatahiriwa hospitalini, wanarudi siku hiyohiyo, kisha mnatuambia skauti ya Wazungu ndiyo itawalea. Kwa nini tusirudishe chetu?* (Mzee, Masasi)

Shikamoo mzee. Hatujasema kwamba skauti ichukue nafasi ya jando, wala haiwezi. Likumbi, yaani kambi ya jando, lilimfundisha kijana kuwa Mmakonde, Myao, Mmakua au Mmwera: ukoo wake, mwiko wake, namna ya kukaa na wakwe. Skauti haina habari na mambo hayo. Ilichonacho ni kumweka mtoto wa Kimakonde, wa Kiyao na wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Mwanza katika kikosi kimoja, wakapika chungu kimoja.

Masasi yenu ina historia katika jambo hili. Mapema katika karne iliyopita, Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, aliona kwamba kulipiga marufuku jando kungewaacha vijana bila malezi, akaamua kulifanya ndani ya kanisa, wazee na makasisi wakishirikiana kupanga yatakayobaki na yatakayoondolewa. Wako waliolisifu na wako waliolilaumu. Linaloonekana kwangu ni kwamba malezi ya kusini yamekuwa yakijadiliwa na kubadilishwa na wenyewe kwa muda mrefu.

Tofauti kubwa ninayoiona ni ya muda na ya nani anayesema. Jandoni mzee husema, mwali husikiliza, na kazi huisha kwa msimu mmoja. Katika skauti mzee husema kidogo, vijana hujaribu, na kazi huchukua miaka. Kijana anayepitia yote mawili amepata urithi wa kwao na mazoezi ya kuutumia mbele za watu wasio wa kwao. Kwa hiyo ombi letu kwako, mzee, ni kwamba kundi la skauti likipiga kambi karibu na kijiji chenu, nenda jioni ukae nao kwenye moto wa kambi. Waeleze jinsi kijana wa zamani alivyotambua mti wa dawa na wa sumu. Maarifa hayo mlezi wao huenda hana.

*Kaka yangu anasema skauti ni ya wavulana, na msichana anayekwenda kambini ni mhuni. Je, ni kweli?* (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Lindi)

Si kweli, mwanangu. Mwaka 1909, kwenye mkutano mkubwa wa skauti uliofanyika Crystal Palace, London, walijitokeza wasichana waliokuwa wamejiita skauti bila kuombwa na mtu. Mwaka uliofuata chama cha wasichana kilianzishwa chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Hapa nchini chama cha Girl Guides kilianza mwaka 1928, na Chama cha Skauti Tanzania nacho kinapokea wasichana. Mwambie kaka yako kwamba Mwantumu Mahiza, aliyewahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi, alishika wadhifa wa Skauti Mkuu wa nchi nzima.

Kuhusu kambi, wasichana hulala kwenye mahema yao, wakiwa na mlezi mwanamke. Kama shule yenu haina mlezi mwanamke, dai apatikane kabla ya safari, na wazazi wako wakusaidie kudai.

*Mtoto wangu ana miaka 12 na anatakiwa kambini siku nne. Napenda ajifunze, lakini naogopa. Nimesikia habari za ulawiti katika makundi kama haya ng'ambo. Nitajuaje kwamba ni salama?* (Baba, Nachingwea)

Hofu yako ina msingi, na mtu atakayekujibu kwamba skauti hawana mambo hayo hakutakii mema. Mwaka 2020 chama kikubwa cha skauti cha Marekani kiliomba mahakama ikilinde kama kilichofilisika kwa sababu ya kesi za unyanyasaji wa kingono wa watoto, na walioleta madai walizidi 82,000, wengi wao wakiwa watu wazima waliokuwa wamelibeba jambo hilo kimya kwa miongo kadhaa. Fidia iliyokubaliwa ilizidi dola bilioni mbili. Chama kilichosifiwa kwa kujenga tabia kilikuwa kimewaacha watu wabaya wajifiche nyuma ya heshima yake. Tangu wakati huo vyama vingi vimekaza taratibu zake, lakini utaratibu hulinda pale tu mzazi anapoudai.

Nenda shuleni uulize mambo haya kabla ya kutia saini kibali. Ni nani watakaolala kambini, na je, ni watu wazima wasiopungua wawili? Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana; hiyo ni kanuni ya kwanza, na mlezi mwaminifu huipenda kwa kuwa inamlinda yeye pia. Watu wazima wasilale hema moja na watoto. Uliza watakuwa wapi hasa, watasafiri na gari gani, nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na zahanati ya karibu ni ipi. Kama kambi iko pwani, kwa mfano Msimbati au Kilwa, uliza nani anayejua kuogelea na saa ngapi watoto wataruhusiwa majini, kwa kuwa bahari imeua watoto wengi waliokwenda kucheza tu. Uliza pia watafanya nini hali ya hewa ikibadilika: tarehe 25 Aprili 2019 watu wa Mtwara walitakiwa kwenda kujihifadhi kwa sababu ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua Msumbiji, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa. Mlezi wa vijana ambao wito wao ni kuwa tayari asikose jibu la swali hilo.

Kisha zungumza na mwanao nyumbani, kwa upole na bila kumtisha. Mwambie kwamba hakuna siri ya skauti ambayo baba na mama hawaruhusiwi kuijua, na kwamba mtu mzima anayemwambia «usimwambie mtu» ndiye wa kusemwa kwanza. Mfundishe namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto nchini kote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wake. Wakikataa kukujibu maswali haya, au wakikuona mkorofi kwa kuuliza, mtoto abaki nyumbani. Wakikujibu vizuri, mruhusu aende, na usimpigie simu mlezi kila saa.

*Nimechaguliwa kuwa kiongozi wa kikosi. Wenzangu ni rika langu na hawanisikii, hasa mmoja aliye mkubwa kuliko mimi. Nikimshtaki kwa mwalimu wananiita mbeya. Nikinyamaza kazi hazifanyiki. Naomba ushauri.* (Skauti wa kidato cha tatu, Ruangwa)

Mwanangu, hali hii humpata karibu kila anayeanza kuongoza watu wa rika lake. Usikimbilie kwa mwalimu, maana ukishafanya hivyo kikosi kitaanza kumtii mwalimu na si wewe. Mwalimu ni wa mambo ya hatari na ya uonevu, hayo yapeleke mara moja bila kujali utaitwaje.

Kwa mengine, anza na kazi isiyopendwa. Kila kambi ina kazi kama hiyo, na mara nyingi ni kusugua masufuria yaliyoshika masizi au kuchota maji ya mwisho giza linapoingia. Ifanye wewe siku ya kwanza bila kutangaza. Siku ya pili mwombe mmoja mshirikiane. Siku ya tatu panga zamu, jina lako likiwa kwenye orodha kama majina mengine. Ni vigumu mtu kukataa zamu ambayo kiongozi wake ameishika tayari.

Yule mkubwa mtafute peke yake, mkiwa mnatembea, wasiwepo wa kuwachekea. Usimlaumu. Muulize anachokiweza kuliko wengine. Huenda ni mtoto wa fundi na anajua kufunga kamba kuliko mlezi wenu. Kama ndivyo, mkabidhi ujenzi wote wa kambi, na mbele ya kikosi useme kwamba katika jambo hilo hata wewe utamsikiliza yeye. Kijana mkubwa aliyenyimwa cheo mara nyingi huwa anataka kuonekana ana kazi yake. Akipewa kazi hiyo bado akaharibu makusudi, lipeleke jambo kwenye baraza la viongozi wa vikosi, lisikilizwe na wenzenu, naye awepo na apewe nafasi ya kujieleza.

Jambo jingine dogo: unapotoa agizo, usiseme na kikosi kizima. Ukisema «jamani, kuni hazipo», kila mmoja atadhani anaambiwa mwenzake. Taja jina, taja kazi, taja muda, kisha uende ukafanye ya kwako.